Dawa kwa Rejareja

Treni iliyomchukua Sefu haikuwa ya abiria. Ilikuwa ya askari, imejaa mapipa ya mafuta, na mkubwa wao alikubali kumpakia kwa sababu alizoea kununua sigara kwa Omari, kaka wa mume wangu. Sefu alilala juu ya magunia matupu, mkono wa kushoto juu ya tumbo, kama mama mjamzito. Mimi sikuruhusiwa kupanda.

"Rudi ku nyumba, Mama Amida," aliniambia. "Duka haiwezi kujifungua yenyewe."

Alikuwa na homa, na bado alikuwa anatania. Behewa likasogea. Nilibaki kwenye kokoto za stesheni ya Kamina nikitazama mpaka sikuweza tena kutofautisha mtu na gunia. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuishi na nafasi yake tupu badala ya yeye mwenyewe.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza ajue hivi. Mimi ni Zuena, mke wa Sefu Kiza, muuza sukari, chumvi na sabuni. Kabla ya treni hiyo tulikuwa tumempeleka kwa mganga wa kienyeji, akamchanja kwa wembe juu ya wengu, upande wa kushoto wa tumbo ambako uvimbe ulikuwa umeota kama jiwe. Alisema maji mabaya yatatoka. Maji hayakutoka. Ilitoka damu, na haikutaka kukatika.

Ndipo Nicodème, muuguzi wa maabara ya dispanseri, alipotazama tone la damu ile kwenye darubini yake, akaniita pembeni.

"Mama, chembe nyeupe ziko mingi. Minyi sijaona vile hata siku moja. Mupeleke Lubumbashi, mbio."

Ilikuwa kansa ya damu. Jina hilo sikulitamka mbele ya mtu.

Sefu alikaa Lubumbashi muda mrefu kuliko tulivyoagana. Ilikuwa vita. Watu waliokimbia kutoka upande wa Kabongo walipita mbele ya duka na magodoro vichwani. Ndege za jeshi zilishuka kambini chini sana, vyombo vikatikisika rafuni. Kila nilipoambiwa treni imeingia, nilifunga duka nikakimbia stesheni, na kila mara nilirudi peke yangu. Binti yetu Amida mwanzoni aliuliza, "Baba amekuya?" Baadaye akaacha kuuliza. Hilo lilinitisha kuliko ndege.

Habari moja tu ilitufikia, kwa mdomo wa fundi wa reli.

"Bwana yako anasema damu yake imepelekwa ng'ambo. Anasema mungoje."

"Damu imekwenda ng'ambo bila yeye?"

"Minyi sijui, mama. Njo vile alisema."

Omari alicheka mpaka akashika ukuta. "Damu ya Sefu imepata pasipoti mbele yangu!"

Kisha akajifuta uso, akaniomba maji ya kunywa.

*

Siku aliyorudi nilikuwa napimia mtu chumvi. Nikasikia sauti nyuma yangu:

"Unajaza mno, Mama Amida. Utatuua na njaa."

Meka, kopo letu la kupimia, ikanitoka mkononi. Niligeuka. Alisimama kwa miguu yake, shati limemkaa mwilini, mfuko begani. Tumbo lilikuwa limeshuka. Macho tu ndiyo yalikuwa mageni kwangu: kope zimevimba kama za mtu aliyelia tangu jana.

"Nani alikuliza?"

"Hakuna. Njo dawa inafanya vile. Docta alisema, macho ikivimba kidogo, musiogope."

Mchana huo tulikula pamoja, sisi na Omari. Sefu alitoa vidonge vinne akaviweka kando ya sahani. Alikula kwanza, kisha akameza kimoja kimoja na glasi kubwa ya maji, sisi tukimtazama kama watu walio msikitini.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku."

"Mpaka lini?"

"Docta Kisimba hakutaja siku ya mwisho."

Omari aliacha kutafuna. Ni yeye aliyeuza mabalo yake, marobota ya nguo za mitumba, kabla ya safari ili Sefu awe na pesa za vipimo. Alikuwa na haki ya kuuliza.

"Na bei?"

"Bei yake, kaka, ungeuza duka yangu, na yako, na nyumba, na weye mwenyewe juu."

"Minyi, nani atanunua?"

"Njo shida yenyewe."

Tulicheka. Kisha Sefu akatueleza. Wanaoitengeneza dawa ile walikuwa wanatoa sehemu yake bure kwa wasioweza kuinunua, kupitia kwa daktari anayewajua wagonjwa wake. Lakini hawakumpa kila mwenye kansa ya damu. Kansa ya damu ina aina nyingi, na dawa ile ilitengenezwa kwa ajili ya aina moja tu, ambayo ina alama yake ndani ya chembe. Ndiyo maana damu ilisafiri. Ilikwenda kutafutwa alama.

"Na wakaiona?"

"Wakaiona. Docta alinirukia shingoni. Minyi nikawaza, huyu mutu iko na akili? Ananiambia niko na kansa, na anafurahi."

Daktari huyo baba yake alifanya kazi ya reli, akamweleza Sefu kwa mambo ya reli. Ndani ya mfupa, alisema, kuna mkono wa kubadilishia njia, kama ule wa stesheni. Kwa mtu mwenye afya mkono hufungua, treni ya chembe nyeupe inapita, kisha hufunga. Kwako mkono umekwama wazi. Treni zinaingia tu, moja juu ya nyingine, mpaka stesheni inafurika. Wengu lako ni stesheni iliyofurika. Dawa za zamani hupiga bomu stesheni nzima, na nyumba za jirani. Hii inakwenda moja kwa moja kwenye ule mkono, inaukamata, inaushikilia.

"Na ikiuachia?" nikauliza.

"Mkono unafunguka tena."

Nilielewa. Nilidhani sote watatu tumeelewa jambo moja.

*

Ilikuja miezi mizuri. Wengu lilirudi mahali pake mpaka nikawa silipati kwa vidole. Sefu alibeba tena magunia, na dawa ilipokaribia kwisha alipanda treni kwenda kwa Docta Kisimba, akarudi na nyingine. Jirani yetu Mama Mujinga, ambaye alitoka misa kila Jumapili na kupitia kwetu kuchukua maneno ya wiki, hakuacha kumtania juu ya yale macho.

"Ee Baba Amida, bibi yako anakupiga?"

"Kila siku, mama. Nisaidie."

"Basi nipatie kamoja ka ile dawa yako. Kamoja tu. Magoti inaniua."

Kwetu dawa hupita hivyo, nyumba hadi nyumba. Mwenye vidonge vya malaria akipona, vilivyobaki huvuka ua. Hakuna anayeona vibaya. Lakini Sefu alikataa.

"Hii haijue magoti, Mama Mujinga. Inajua mulango moja tu, na ule mulango uko kwangu."

"Weye uko mubaya! Dawa ya bure unaifungia kama dhahabu."

Nilifurahi kumsikia akijibu hivyo. Nilijiambia, mume wangu ameielewa dawa yake.

Halafu treni zikakatika.

Upande wa Bukama, kwenye njia ya Lubumbashi, palikuwa na watu wenye silaha msituni, reli ikaharibiwa, na hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Soko la Kamina lilianza kukauka. Hapo ndipo ungemwona Sefu katika kazi yake. Babu yake alikuja kutoka Maniema na chumvi mgongoni, na ukoo wao ulijulikana kwa jambo moja: dukani kwao kitu hakiishi. Kwa wengine sukari ilikwisha. Kwa Sefu ilipungua. Alitoka kwenye meka akashuka kwenye kopo dogo la nyanya, akatoka kwenye kopo akashuka kwenye kijiko, akakifunga kijiko hicho ndani ya karatasi iliyosokotwa. Aliyekuja alipata. Alipata kidogo, lakini hakurudi mkono mtupu.

"Mufanyabiashara mubaya anauza mpaka anafunga," alikuwa akisema. "Muzuri anapunguza kipimo mpaka treni inafika."

Siku moja Mama Mujinga alisimama mlangoni akamtazama vizuri.

"Eh! Macho imerudi! Mama Amida, bwana yako amekuwa kijana."

Ilikuwa kweli. Kope zilikuwa zimenyooka. Uso wake wa zamani ulikuwa umerudi wote. Mama Mujinga alipiga vigelegele pale pale, na mimi nikapiga pamoja naye. Niliona ni mwili umeizoea dawa. Niliona amepona.

Jasho lilianza baada ya hapo.

Kwanza nilidhani ni joto. Kisha nikawa nakamua mashati yake kila asubuhi. Akawa anaacha chakula baada ya matonge machache, anasema ameshiba. Nilimtazama anapohudumia watu: mkono wa kulia unapima, mkono wa kushoto umekwenda pale pale, juu ya tumbo, na hajui kwamba umekwenda.

"Ni malaria," alisema.

"Nikuguse."

"Mama Amida, watu wanatuangalia."

"Nikuguse, Baba Amida."

Nilimwingiza nyuma ya pazia la duka. Nikaweka vidole chini ya mbavu. Sikuhitaji kutafuta. Jiwe lilikuwa limerudi.

Nilimsikia mteja akigonga meza, anataka sabuni.

*

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba dawa imeoza. Sefu alikuwa anaimeza dukani, na chakula cha mchana nilimtuma Amida ampelekee, kwa hiyo sikuwa naiona. Ijumaa alipokwenda kusali, niliingia nyuma ya duka kutafuta mahali anapoiweka. Nilitaka kuona kama imeingia maji, kama imebadilika rangi.

Nikakuta kopo la maziwa ya unga limefungwa kwa kitambaa. Nikalifungua. Vidonge vizima, vikavu, vimejaa mpaka juu. Nyuma yake kulikuwa na kopo la pili. Nalo limejaa.

Nilikaa chini. Kwa hesabu ya vinne kila siku tangu safari yake ya mwisho, kopo moja lilipaswa kuwa tupu zamani. Nikajiuliza, hamezi? Au anauza? Kuna watu mjini wangenunua kitu chochote kilichotoka ng'ambo. Au amechoka na sisi, anataka kufa na hasemi?

Alinikuta hapo hapo sakafuni, makopo miguuni pangu. Nilitegemea akasirike. Alitabasamu.

"Umeyaona."

"Hii ni nini, Baba Amida?"

"Njo uzima wangu. Nimeuchunga."

"Unameza vingapi?"

"Kimoja."

"Docta alisema vinne."

Akachuchumaa mbele yangu, akasema polepole, kama anavyomweleza mteja kwa nini bei imepanda. "Sikiliza. Docta Kisimba iko Lubumbashi, karibu na depo. Yeye anapima sawa mutu mwenye treni inafika kila juma. Sisi tuko huku, reli imekatika. Nikimeza vine vine, itaisha, na mpya haiko. Halafu? Nikae bila kitu? Tangu treni zilisimama, nilishuka kwa vidonge bili. Nyuma nikashuka kwa kimoja. Na sijakosa siku, Mama Amida. Hata moja! Docta alisema, usikose siku. Sikukosa."

Alikuwa anajivuna. Mume wangu alikuwa anajivuna, na jasho linamdondoka kidevuni.

"Na wengu?"

"Itashuka. Kidogo inaumiza, lakini dawa iko. Haiishi."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nilifunga makopo kwa kitambaa chake, fundo juu ya fundo, kwa kuwa mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunakwenda ku foni."

*

Wakati ule Kamina haikuwa na simu ya kufika mbali. Tulikuwa na foni, ile redio ya kuongea na miji mingine, ndani ya chumba cha mbao cha bwana mmoja jina lake Jéthro. Ulikaa kwenye benchi na wengine, ukingoja zamu. Hakukuwa na siri. Uliposema, benchi zima lilikusikia, na ulipojibiwa, benchi zima lilisikia jibu. Na kila ulipomaliza neno lako ilibidi useme "à vous," ndipo mwenzako apate kusema.

Siku ile mwanamke mmoja alikuwa anatafuta mwanawe askari. Mzee mmoja alikuwa anagombana na mkwewe wa Likasi juu ya mbuzi. Omari alikuja mbio akatukuta hapo. Sefu alikaa katikati yetu, amevaa kanzu yake ya Ijumaa.

Jéthro alizungusha kitufe, akaita, akasikiliza mivumo. Hospitali ya Lubumbashi ilijibu. Wakamtafuta daktari. Tulingoja huku mzee wa mbuzi akinung'unika. Kisha sauti ikatoka, nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Kisimba hapa. Nani? À vous."

Nilishika kile chombo kwa mikono miwili. "Docta, ni bibi ya Sefu Kiza, wa Kamina. Wengu imerudi. Anatoka jasho. À vous."

"Dawa imeisha? À vous."

"Hapana. Dawa iko mingi. À vous."

"Iko mingi namna gani? Anameza vingapi kwa siku? À vous."

Benchi zima lilinigeukia. Hata mzee wa mbuzi.

"Kimoja," nikasema. Nikasahau kusema à vous. Jéthro akaisema kwa niaba yangu.

Mivumo tu. Nilifikiri tumekatika. Jéthro alinyoosha mkono kugusa kitufe, na hapo sauti ikarudi.

"Tangu lini? À vous."

"Tangu reli ikatike. Aliogopa itaisha, docta. Alipunguza kama... alipunguza kama sukari. À vous."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema pole pole, kwa Kiswahili kizuri, ili kila mtu aelewe, na kila mtu alielewa.

"Mama, nisikilize. Ule ugonjwa haukufa. Ulikuwa umeshikwa. Vidonge vinne vinaushika. Kimoja hakiushiki, kinaugusa tu. Ukiguswa bila kushikwa, chembe zinaongezeka, na katikati yao zinaweza kutokea zile ambazo dawa hii haitazikamata tena, hata ukimpa kopo zima. Zinaweza. Sijasema zimekwisha kutokea. À vous."

"Na zikitokea, kuna dawa nyingine? À vous."

"Ziko za zamani, zinashusha chembe kwa muda. Kama hii, hakuna. À vous."

Sefu alikuwa ameinamisha kichwa. Mwanamke aliyetafuta mwanawe alimwekea mkono begani, yeye asiyemjua. Omari alitazama ukuta.

"Basi tufanye nini? À vous."

"Leo hii arudi kwenye vinne. Pamoja na chakula, maji mengi, wewe ukiona kwa macho. Huko kwenu kuna mtu wa maabara? Ahesabu chembe nyeupe sasa, kisha ahesabu tena baada ya siku kadhaa, muniite. Na akiweza kusafiri, aje. Lazima nimwone. Hata dawa mpya siwezi kuitoa bila kumwona na kuona damu yake. À vous."

"Reli imekatika, docta."

Alichojibu hatukukisikia. Mivumo ilikuwa imeijaza redio.

Tukiwa njiani Sefu alisema jambo moja tu.

"Omari, yale mabalo yako."

"Nyamaza," Omari akamjibu. "Nilikuambia niko na haja na nguo za wazungu? Tembea."

Lakini akatangulia mbele ili tusimwone uso.

*

Nicodème alichukua damu siku hiyo hiyo. Alihesabu mara mbili, akiwa ameuma mdomo, na hakunitazama. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi, si kama siku ile ya kwanza, lakini nyingi.

Nikawa mlinzi. Kila mchana nilisimama mbele ya Sefu na glasi ya maji. Alimeza kimoja, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne daima alisita. Mkono wake ulikuwa umezoea kurudisha.

"Meza."

"Nameza, nameza. Weye umekuwa askari."

"Fungua mdomo."

"Eh, Mama Amida! Minyi niko mutoto?"

"Fungua."

Alifungua. Amida alicheka. Alikuwa hajacheka tangu jasho lilipoanza, na kwa ajili ya kicheko hicho Sefu akawa anafungua mdomo kila siku bila kuambiwa, anatoa ulimi kama mbuzi.

Macho yalivimba tena. Mama Mujinga alipoyaona alisikitika sana. "Ameanza kuumwa tena," alisema. "Ile siku alikuwa muzuri vile!" Mimi nilimshukuru Mungu kimya kimya. Nilitaka yavimbe. Nilitaka yavimbe mpaka asione mlango.

Lakini kila asubuhi nilikamua shati. Na kila nilipoweka vidole chini ya mbavu zake, jiwe lilinijibu mahali pale pale. Halikushuka. Nilianza kuogopa vidole vyangu mwenyewe. Kuna siku niligusa na kusema "limepungua kidogo," na Sefu akanitazama akasema, "Asante," na tukajua sote wawili.

Siku ya kuhesabu tena ilipofika, Nicodème alitoka na kofia yake mkononi.

"Haikushuka, mama. Imepanda kidogo."

"Umehesabu vizuri?"

"Nilihesabu mpaka macho inauma. Nilitaka nikosee."

Tukarudi kwa Jéthro. Benchi lilitupisha bila kuulizwa. Safari hii Sefu mwenyewe ndiye aliyeshika chombo.

"Docta, ni Sefu. Vine haiushike. À vous."

"Nimesikia. Umemeza kweli? À vous."

"Bibi yangu ananifungua mdomo sawa farasi. À vous."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, kisha akaona aibu.

"Sefu, bado tuna mlango mmoja. Mara nyingine mkono unaokataa kushikwa na vinne unashikwa na vinane. Si kwa kila mtu. Kuanzia leo meza vinne asubuhi na vinne jioni. Utatapika, utaumwa misuli, usiache. À vous."

Nilimtazama Sefu usoni na nikaona anachokifanya. Alikuwa anafanya hesabu, kwa sababu alikuwa mtu wa duka na hakujua kufikiri kwa namna nyingine. Yote aliyojinyima, kidonge kwa kidonge, ili yafike mbali, sasa yangeondoka kwa kasi mara mbili.

"Docta," akasema, "makopo yangu itaisha mbele reli itengenezwe. À vous."

Mivumo.

"Docta? À vous."

"Najua," sauti ikasema. "Meza, Sefu. À vous."

Tulirudi nyumbani kabla ya magharibi. Nikapika uji mzito, nikamwita Amida akalete maji. Sefu alifungua kopo kwa mkono wake, akatoa vinne, akavipanga mezani. Omari alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Hii," Sefu alisema, akitazama ndani ya kopo, "ingetufikisha mbali."

"Meza," nikamwambia.

Akameza vyote vinne, bila kusita kwenye cha mwisho.

Tangu jioni hiyo ikawa vinane kwa siku. Kopo la kwanza likaisha. Tukafungua la pili, reli bado imekatika, na la tatu halikuwapo.